Familia ya Kwanza, Familia ya Mwisho

Kibati, 3 Novemba 2008

Papa mpendwa,

Pokea salamu zetu za kambini. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tuko wazima, ila mama anakohoa kwa sababu ya baridi.

Tulitembea siku mbili tukikimbia vita. Chupa ya sodiamu ya shule niliibeba kifuani kama ulivyoifunga, ndani ya kitenge cha mama. Haikuvuja. Petroli ya taa bado imefunika vipande vyote kumi na kimoja.

Jana nilishuka Goma, mtaa wa Himbi, kwa Papa mdogo Florent. Hakufungua geti. Alisema, "Nyumba imejaa, mutoto." Kupitia upenyo wa geti nilihesabu viti sita vitupu barazani. Papa, ndugu yako ni wa familia ya mwisho kwenye jedwali lako la elementi la darasani, gesi adimu: hashikamani na mtu.

Mvua haikatiki, kuni zimelowa. Jirani yetu Mama Angèle amenusa petroli. Aliniuliza, "Kijiko kimoja tu tuwashie moto. Kwani hicho chuma kinakunywa?" Hata mama alicheka. Nimjibu nini?

Mtoto wako,
Kaswera

Rumangabo, 6 Novemba 2008

Kaswera mwanangu,

Nakusalimu wewe na mama. Mgongo unauma lakini natembea.

Usitoe hata kijiko. Askari wanalala katika maabara. Meza wamechoma, jedwali la ukutani wamelifanya pazia. Shule imebaki ndani ya chupa hiyo. Unajua hali ya familia ya kwanza, ya sodiamu: kila mmoja ana elektroni moja ya nje na hatulii mpaka ameitoa. Bila petroli, hewa itaila sodiamu. Ikiguswa na maji itawaka.

Unakumbuka darasa lenu lilivyocheka alama yake, Na? Niliwaambia ni kama "na" yetu, haikai peke yake. Papa na Mama na Kaswera. Vita vikitulia nitakuja, na tutafundisha tena.

Papa yako,
Adalbert

Rumangabo, 9 Novemba 2008

Kaswera,

Mama hajambo? Nijibu upesi.

Bienvenu, yule wa chukudu, baiskeli ya mbao, anayetubebea barua, anasema kipindupindu kimeingia Kibati. Sahau niliyoandika. Toa petroli, washeni moto, chemsheni kila tone mnalokunywa. Vipande vifunge kwenye plastiki kavu, mbali na maji. Sodiamu itapatikana nyingine.

Papa yako

Kibati, 24 Novemba 2008

Papa,

Sikuulizi habari za afya, maana nawe utaniuliza.

Barua yako ya tarehe 6 ilinifikia tarehe 8. Ile ya tarehe 9 imenifikia leo. Bienvenu alizuiliwa kwenye kizuizi cha barabarani, chukudu yake ikachukuliwa, akamalizia kwa miguu. Yeye hana kosa.

Nakunakilia daftari langu jinsi lilivyo.

"Tarehe 12. Mvua siku ya tatu. Kuni haziwaki. Mama ameomba kijiko. Nimemwambia Papa amekataza. Amesema, 'Basi, papa yako amesoma.' Amekunywa maji ya bidoni, lile dumu letu, bila kuchemshwa."

"Tarehe 13. Anaharisha maji kama ya kuoshea mchele. Tumembeba hadi hema la wagonjwa, mimi na Mama Angèle."

"Tarehe 14, saa nane mchana. Mama amefariki."

Nilitii agizo lako la kwanza. Leo nimetii la pili. Nimegawa petroli kijiko kwa kijiko, nikianza na Mama Angèle. Alikipokea akaenda kuwasha moto. Vipande viko kwenye plastiki. Vimeanza kugeuka vyeupe. Ukitaka kuvihesabu, nimeviacha kwa Mama Angèle.

Ile "Papa na Mama na Kaswera", ifute. Himbi sitarudi kuomba, na Rumangabo sitarudi. Mimi nimehamia familia ya mwisho.

Kaswera