Tovuti Iliyoanza kwa Salamu

Kakuma, 9 Septemba 2012

Mwanangu Gervais,

Pokea salamu zangu, na za kila mtu aliyenipitia asubuhi hii nikiwa na kalamu mkononi, maana kila aliyepita alidai aandikwe. Sisi wazima. Goti langu huuma likipenda, na leo halijapenda. Je, wewe? Unakula? Joto la Lodwar umelizoea? Nakuuliza kwa sababu tangu dada yangu, Mungu amrehemu, aniachie wewe ukiwa wa kubebwa mgongoni, sijaona joto lolote ulilolizoea.

Sasa neno lililonikalisha chini. Kando ya barabara ya Lokichoggio wamefungua hoteli mpya yenye viti vyekundu vya plastiki. Watu wa mikutano wote wanakula huko. Wageni hao wanatoka mbali, hawajui mtu hapa, na bado wanashuka garini wakiwa wameshachagua pa kula. Nilimwuliza mmoja wao aliambiwa na nani. Akanionyesha simu yake. Yaani siku hizi mtu anaambiwa na simu aende kula wapi, na sisi ambao tumepika hapa miaka yote hiyo simu haitujui.

Bila mikutano jiko letu halisimami. Wanawake tunaopika pamoja tumekubaliana kwamba ikifika Pasaka hali ikiwa hivi, tunalifunga. Nikilifunga, Gervais, nitakuwa mtu wa kupanga foleni ya mgawo wa chakula hapa kambini, kisha kurudi nyumbani kungoja foleni nyingine. Nikiwa na mwiko mkononi mimi ni Mama Élisabeth wa Uvira, hata walioshiba hunisalimia. Bila mwiko nitakuwa namba kwenye kadi. Sitaki, na ninaogopa.

Wewe unasoma kompyuta na unafanya kazi saiba, huko watu wanakolipia kutumia intaneti. Nitengenezee tovuti, uiite Jiko la Neema. Maneno nimeshayaandika, uyaweke kama yalivyo:

“Bwana asifiwe. Tunawasalimu ninyi nyote mnaosoma, wa karibu na wa mbali. Sisi huku wazima. Je, ninyi hamjambo? Watoto wanaendeleaje? Mvua imenyesha kwenu? Huku bado. Baada ya salamu, sisi ni wapishi.”

Barua hii anakuletea Lomuria wa lori la unga. Mpe maji ya kunywa, na usimwache aanze hadithi zake kama una kazi.

Mama yako mdogo,
Élisabeth

*

Lodwar, 30 Septemba 2012

Mama mdogo mpendwa,

Ejok? Waturkana wa hapa wangengoja unijibu ejok noi ndipo niendelee, kwa hiyo nahesabu umeshajibu. Mimi mzima. Nakula, ingawa si chakula chako. Joto bado tunagombana. Lomuria alikunywa maji, akasimulia, na saiba nzima ikaacha kazi kumsikiliza.

Tovuti iko hewani. Inaitwa Jiko la Neema, kama ulivyotaka, na maneno yako nimeyaweka yote. Lakini sikiliza shida iliyopo. Mgeni wa Nairobi hajui kwamba kuna Jiko la Neema duniani. Haandiki jina lako. Anaandika shida yake, kwa mfano “chakula cha mkutano Kakuma”. Google inapitia kurasa zote inazozijua na kumletea zile zenye maneno hayo, na zile ambazo kurasa nyingine zinazitaja. Wengi husoma majina machache ya juu tu. Ukiwa chini, ni kama umefungua duka nyuma ya choo.

Ukurasa wako hauna neno chakula. Haujataja hata Kakuma. Nilipoutafuta kwa jina lake, kwa sababu mimi nalijua, uliletwa hivi: “Jiko la Neema. Bwana asifiwe. Tunawasalimu ninyi nyote mnaosoma, wa karibu na wa mbali. Sisi huku wazima. Je, ninyi hamjambo? Watoto wanaendeleaje? Mvua imenyesha kwenu? Huku ba…” Hapo nafasi ikaisha. Mtu mwenye njaa ataelewa nini?

Naomba unifanyie kazi moja. Kaa usikilize wateja. Niandikie maneno wanayotumia wao wanapoomba chakula, si yale unayotumia wewe. Na picha, tafadhali, ya sufuria iliyojaa.

Mwanao,
Gervais

*

Kakuma, 21 Oktoba 2012

Mwanangu Gervais,

Salamu za Mungu zikufikie kabla ya zangu. Sisi wazima, ila upepo umeng’oa turubai la jikoni na tulilikimbiza hadi karibu na kanisa. Hakuna aliyeumia. Wewe je, kikohozi kile ulichomficha Lomuria kimeisha? Ameniambia.

Kwanza nikupe habari njema. Jumamosi nilipeleka kwaya yote saiba ya hapa, tukaandika Jiko la Neema, tukabonyeza. Kisha mwingine akakaa, akaandika, akabonyeza. Tulifanya hivyo mpaka mwenye saiba akauliza kama ni uchaguzi. Nadhani sasa Google imeona jinsi tulivyo wengi.

Kazi uliyonipa nimeifanya, na imeniudhi. Mimi nasema lengalenga, wao wanasema mchicha. Mimi nasema tunahudumia karamu. Ayen, jirani yangu wa Bor, Sudan Kusini, anayenunua kwangu kila Jumapili, yeye husema, “Mama, mimi nataka chakula ya watu mingi.” Wa ofisini wanasema chakula cha mkutano. Wa harusi wanasema pilau na mbuzi. Wa Kongo peke yao wanasema sombe badala ya kisamvu, na hao hawahitaji simu, harufu inawaleta. Jina Neema hakuna anayelitamka. Wote wanasema twende kwa Mama Élisabeth.

Badilisha unavyotaka. Lakini salamu zibaki. Anayeingia mahali na kuanza kutangaza bei bila kusalimu, kwetu Uvira tungemwangalia vizuri mikono.

Picha ya sufuria imepigwa na Ayen kwa simu yake, ataituma. Kidole kilichoingia ni chake.

Mama yako mdogo,
Élisabeth

*

Lodwar, 25 Novemba 2012

Mama mdogo,

Nina mitihani, naandika haraka. Kwaya iache kubonyeza, haisaidii. Anayekujua tayari umeshampata, tunatafuta asiyekujua.

Nimebadilisha kila kitu. Kichwa cha ukurasa sasa ni “Chakula cha mikutano na harusi Kakuma, Turkana: Jiko la Mama Élisabeth”. Pilau, mbuzi, mchicha, samaki wa Kalokol, vyote nimevitaja, kila kimoja na maelezo yake. Picha nimeiandikia maneno chini, kwa sababu Google haioni sufuria, inasoma maandishi. Namba ya simu iko juu. Shule ya hapo na ukurasa wa kwaya wamekubali kututaja, na hilo ndilo lenye nguvu.

Salamu nimezitoa. Zilikuwa zinakula nafasi.

Matokeo: tumeanza kupanda.

Gervais

*

Kakuma, 2 Desemba 2012

Mama mdogo Kakuma. Mama mdogo wa Gervais, Kakuma, Turkana.

Mzima. Goti bovu. Turubai limerudi.

Unatafuta mama mdogo wa kukulea, kukusomesha na kukuombea? Tunapatikana hapa. Mama mdogo wa harusi, mama mdogo wa mikutano, mama mdogo wa kikohozi. Samaki wa Kalokol pia.

Hakuna salamu. Zinakula nafasi.

Élisabeth

*

Lodwar, 20 Januari 2013

Mama mdogo mpendwa sana,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Nawasalimu wapishi wenzako wote, Ayen na kidole chake, turubai, na goti, ambalo naliuliza hali yake kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka mpya umeuanzaje? Krismasi mlipika nini? Mimi niko salama, mitihani nilifaulu, na kikohozi kilikwisha siku nilipoanza kunywa tangawizi uliyomtuma Lomuria aniletee bila neno.

Barua yako niliisomea watu wa saiba, tukacheka mpaka mteja mmoja akasahau muda wake. Nilipofika nyumbani nikaisoma peke yangu na sikucheka. Kisha Krismasi ikapita bila barua nyingine. Nilizoea kusikia sauti yako kwenye karatasi, na nilikuwa mpweke sana, mama mdogo. Nisamehe.

Kuna jambo jingine, nalo ni la kazi. Kwa maneno ya mkutano na harusi sasa tuko juu kabisa, juu ya viti vyekundu. Nilitaka kukuandikia kwa shangwe. Lakini hujaniambia simu yako imelia, na mimi naona kwa nini. Kuna mahali naweza kusoma ni watu wangapi wameonyeshwa jina letu na wangapi wamelibonyeza. Wanaonyeshwa wengi. Wanapita. Nilikuwa nimekupandisha juu kisha nikakunyamazisha.

Leo nimekaa nikalifikiria upya. Kichwa cha ukurasa ndicho kinachoiambia Google sisi ni nani na tuko wapi. Hicho kimebaki na chakula na Kakuma. Lakini chini yake kuna mistari miwili midogo ambayo msomaji huisoma kabla hajaamua kuingia, na hiyo ni ya mtu, si ya mtambo. Nilikuwa nimeijaza samaki na bei. Sasa nimerudisha salamu zako, na hata ndani ya ukurasa zinatangulia, kisha ndiyo pilau.

Pasaka haiko mbali na ninaogopa kama wewe. Ikishindikana, utakuwa umeshindwa ukiwa umesalimu watu.

Mwanao, ambaye bado unamlea,
Gervais

*

Kakuma, 24 Machi 2013

Gervais mwanangu, mtoto wa dada yangu,

Amani ikujaze. Sisi wazima, wazima kweli, utaona. Goti linacheza ngoma. Ayen anakusalimu na anasema kidole kimeleta baraka, kwa hiyo picha usiibadilishe. Je, wewe hujambo? Umenenepa kidogo? Lomuria anasema ndiyo, lakini Lomuria husema ndiyo kwa kila mtu aliyempa maji.

Juma lililopita nilikuwa namenya vitunguu, simu ikalia. Mwanamke, sauti nisiyoijua. Hakutaja chakula. Alisema, “Hapa ni Lokichar, mama. Sisi wazima. Watoto wako shule, yule mdogo alikuwa na homa lakini amepona. Na mvua imenyesha juzi mpaka barabara ikakatika.”

Nilidhani amekosea namba. Nikamwuliza, mwanangu, wewe ni nani, na unaongea na nani?

Akasema, “Si uliuliza?”

Nilikaa chini, Gervais. Nilikaa juu ya maganda ya vitunguu na machozi yakanitoka, na wenzangu wakasema ni vitunguu, nami nikawaacha waseme hivyo.

Anaitwa Wanjugu, ndiye mpangaji wa mikutano ya ofisi moja huko Lokichar. Alikuwa anatafuta wa kupikia wageni wao watakaokuja Kakuma baada ya Pasaka, wiki nzima, asubuhi mpaka jioni. Ananiambia alisoma majina mengi, mengine yote yanamtangazia bei, ila kwetu akakuta ameulizwa hali ya watoto siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. Akaona si adabu kuagiza mbuzi kabla ya kujibu. Tuliongea mpaka salio lake likaisha, akanunua jingine, ndipo tukafika kwenye mbuzi.

Tangu hapo simu hainipi nafasi ya kukoroga. Mzee mmoja wa Kitale aliniambia kwao mvua ni ya mawe. Pal, kijana wa hapa kambini anayeoa mwezi wa tano, aliweza kutembea hadi kwangu lakini akapiga simu, ili na yeye ajibu. Na kila mmoja akimaliza ananiuliza, na kwenu?

Jiko halifungwi. Nimewaambia wenzangu jana, na Ayen alipiga kigelegele mpaka watu wakatoka nje kuuliza nani anaolewa. Nakungoja Pasaka. Usije mikono mitupu, lete samaki wa Kalokol, maana umeshawaahidi watu kwenye mtandao.

Ile hoteli ya viti vyekundu, mwenyewe amekuja kuuliza ni nani aliyenitengenezea ukurasa. Nimempa namba yako. Lakini umfundishe kusalimu kwanza.

Sasa kazi moja kabla hujafunga safari. Usiku wa kuamkia leo tuliamshwa na turubai, na safari hii si upepo. Laga, ule mto mkavu, imejaa maji, watoto wako nje uchi wanapiga kelele, na barua hii nimeiandikia mlangoni ili nione. Pale kwenye salamu palipoandikwa “Huku bado”, futa.

Andika: “Huku pia imenyesha.”

Mama yako mdogo,
Élisabeth