Chini ya Dakika Sita

Jumatatu, 4 novemba 2002

6'41. Sita na makumi ine na moja! Aibu. Mwaka jana kule Beni nilifanya 6'09, na Bénite wa Mambasa akanipita mu metre kumi ya mwisho, tena akicheka. Sasa narudi nyuma sawa mutu mwenye kubeba mufuko ya muhogo.

Papa Manassé alinionyesha chronomètre, ile saa ya kupima mbio. Ni fundi wa saa pale mutaa wa Kimemi, njo yeye tu ana chronomètre, na njo yeye tu alikubali kunifundisha. Kisha akasema: Mwalimu, maili si safari ya kwenda sokoni. Asante, Papa. Nilikuwa najua.

Michezo ya makanisa ni tarehe 4 ya mwezi wa kwanza, Beni. Maili moja ya bamama. Iko miezi mbili. Nataka kushuka chini ya dakika sita. Naandika hapa tu, juu nikisema kwa batu banacheka. Niko na miaka makumi tatu na moja na batoto batatu. Na hii vita, kila kitu wengine banaamua. Hii moja iwe yangu.

Alhamisi, 7 novemba

Hakuna temps leo, hatukupima mbio. Hii ni sababu yake.

Saa kumi na mbili ya asubui nilikimbia avenue yetu ya Mususa. Mama moja wa beignets, muuza maandazi, akaniona. Akashika beseni yake, akakimbia. Jirani yake akamuona, akakimbia. Kufika kwa moulin ya kusaga unga, nusu ya avenue ilikuwa nyuma yangu! Batoto mugongoni, mbuzi mbili, mutu moja na godoro kichwani. Bote banafuata mimi! Nilisimama nikapaza sauti: Si vita! Ni sport! Ni sport tu! Mwenye godoro alinitukana mupaka na kabila ya mama yangu. Ana haki. Lakini mimi nifanye nini? Nikimbie polepole?

Jumamosi, 9 novemba

Kambere, chef mwenye kuongoza avenue yetu, aliniita bureau, ofisi yake. Benchi, saa mbili ya kungojea. Anasema mama wa beignets alimwaga mafuta yote, na muzee moja angali anajificha mu shamba ya ndizi ya kanisa, anakataa kutoka. Nikasema pole. Nikasema sitaacha.

Kambere akafikiri sana. Mwisho akaandika karatasi: «Mwenye kubeba hii karatasi anakimbia bila sababu.» Cachet mbili, muhuri juu ya muhuri. Nilimwambia: chef, sababu iko. Akasema: bila sababu ni muzuri zaidi kwa usalama.

Donc, basi, naenda kukimbia na karatasi mu mukono.

Alhamisi, 14 novemba

Barrière, kizuizi cha waaskari. Musoda moja, macho mekundu. Anauliza na Lingala yake: Ozokima nani? Nani unamukimbia? Nikasema hakuna mutu. Akasema mutu hawezi kukimbia bure. Nikatoa karatasi. Akaisoma juu chini, muda murefu, sawa vile inasema kitu cha maana. Akanikalisha chini mupaka saa tatu. Batoto ya darasa yangu balipita njiani kwenda masomo, bakasema bonjour Mwalimu, mimi nikiwa mu matope.

Muyisa, bwana yangu, anasema kwa atelier yake ya mbao batu banamuuliza kama bibi yake anamukimbia. Ananiomba nikimbie ndani ya parcelle, mu ua ya nyumba yetu. Nikamuuliza ni mara ngapi kuzunguka nyumba ili ifike maili. Akaenda kupima kweli! Makumi ine na saba, na kuruka kamba ya nguo kila mara. Alirudi na ile hesabu amefurahi.

Jumanne, 26 novemba

Sasa nakimbia tu ku njia ya Papa Manassé, nyuma ya shamba za kahawa, hakuna watu. Alipima na kamba ya metre makumi tano: mara makumi tatu na mbili. Njo kule alinipima tarehe 4. 6'15. Kazi ya leo: kukimbia robo ya maili, kupumuzika, robo tena. Mara sita. Nilitapika kando ya kahawa. Papa Manassé: ni alama muzuri. Kwake kila kitu ni alama muzuri. Anasema naanza sawa mwizi na kumaliza sawa mwenye kuibiwa.

Alhamisi, 5 desemba

5'57!!!

Nililia. Papa Manassé alitoa kofia. Sita imevunjika! Nikarudi nyumbani nikiimba. Muyisa alichinja jogoo bila kuuliza kitu.

Jumamosi, 7 desemba

Ningekuwa na nguvu ningetupa hii cahier ya kuandikia mu moto.

Muyisa alikuja kutazama. Muzuri. Akabeba metre yake ya fundi wa mbao, juu yeye hawezi kuona kitu bila kukipima. Akaomba kamba ya Papa Manassé. Ile kamba ilikatika mara tatu, na mara tatu Papa akaifunga. Kila fundo ilikula yake. Donc kamba ya metre makumi tano si makumi tano, ni makumi ine na saba. Maili yangu inakosa karibu metre mia!

Muyisa akapiga hesabu na crayon ya sikioni: mama, hii yako ni 6'20. Na ile ya kwanza, 6'41, ilikuwa saba na kitu. Nikamwambia: ulifungua kinywa juu ya nini? Akasema: ulitaka ukweli ao ulitaka jogoo?

Papa Manassé alikaa chini, akashika ile kamba, fundo moja moja. Hakusema ni alama muzuri.

Sijamsemesha mutu leo. Ata Muyisa. Zaidi Muyisa.

Jumatatu, 9 desemba

Njia imepimwa upya. Vijiti ine, moja kwa kila robo ya maili. Nimeanza tena.

Jumamosi, 21 desemba

6'11, ya kweli.

Ku kanisa banakusanya nguo na mabuyu ya maji kwa watu wa Mambasa. Vita imefika kule, bote banatoka, banapita pori kuja Mangina na Beni. Nilitoa kikwembe cha kujifunga na sufuria.

Nikajikuta nawaza: Bénite akikosa kuja, nitashinda. Wazo ilikuja hivi, safi, bila kubisha mulango. Nimeiandika. Siifuti.

Jumatano, 25 desemba

Mvua. Noeli. Hapana kukimbia.

Jumamosi, 28 desemba

6'02. Mbili! Seconde mbili, ni nini? Ni kupiga chafya! Papa Manassé anasema kule Beni ni chini kuliko hapa, hewa ni mingi, seconde mbili zitatoka zenyewe. Mimi sina imani na kitu cha kutoka chenyewe.

Ijumaa, 3 januari 2003

Beni. Kilometre makumi tano na ine, masaa saba ndani ya camion, juu ya mifuko ya kitunguu, barrière ine. Miguu yangu imekauka sawa kuni. Tunalala mutaa wa Beu, kwa Mama Godelive, shangazi ya Muyisa. Nyumba imejaa: amepokea familia mbili ya Mambasa. Mimi niko chini ya meza. Papa Manassé amelala inje, kwa baraza, chronomètre mu soksi.

Niliuliza Mama Godelive kiwanja kiko namna gani. Aliniangalia. Kiwanja gani? anasema.

Jumamosi, 4 januari

Hakuna kiwanja. Kuko bâches, hema za turubai. Toka mustari ya goli mupaka goli ingine, watu wamelala, wanapika, wanaanika nguo ku poteaux, miti ya goli. Pasta wa michezo anasema ameandika barua ya kuahirisha tangu wiki mbili. Barua iko wapi? Hajui. Miezi mbili! Matope, barrière, jogoo! Nilikasirika mupaka nikaanza kusema kwa nguvu, pale, katikati ya watu wenye hawana ata sahani. Mama moja aliinua kichwa kuniangalia. Nilitaka ardhi ifunguke.

Na mu mustari ya maji mutu akaita: Wewe wa metre kumi!

Bénite. Sikumutambua kwanza. Mwembamba, kichwa amenyoa, bidon mbili ya maji mukononi, mutoto mugongoni. Si wake, alisema, walimupata njiani, anaitwa Josaphat ao watu banafikiri hivyo. Miguu ya Bénite imefungwa na vitambaa. Wiki mbili ya pori.

Aliniuliza: siku hizi unafanya ngapi?

Nikasema 6'02. Nilisikia haya kuitaja. Yeye akatabasamu, meno yale yale. Sisi, anasema, tulikimbia siku tatu bila kusimama, na hakuna mutu alitupima.

Kisha akaangalia barabara yenye kuzunguka kiwanja. Inatoka kwa kisima, inapita kwa choo mpya, inarudi. Akasema: tukimbie.

Nikasema hapana, angalia miguu yako. Akakasirika kweli. Tangu tumefika, anasema, ni keti hapa, simama hapa, panga mustari, ngoja. Kila mutu ananionea huruma. Wewe pia?

Nikapokea bidon zake.

Sasa ameketi chini, anafungua vitambaa. Mimi naandika juu ya bidon yake, haraka, juu sijui kufanyia mikono nini ingine. Papa Manassé amepokea mutoto, anamushika mbali kidogo na koti yake, na mukono ingine anapima barabara kwa hatua. Batu wameanza kutoka ku bâches kutazama.

Sijui nikimbie namna gani. Nikikimbia kweli, nitamuacha mbali, na hii watu bote wataona. Nikimuachia, atajua kabla ya robo ya kwanza kwisha, na hatanisemesha tena.

Papa Manassé amerudi: kuzunguka mara moja ni robo ya maili. Ananiuliza mimi: tour ngapi? Moja inatosha?

Nilikuwa nafungua kinywa kusema moja.

Bénite amesimama. Amesema: ine.