Hema Halikuvuja

Masinga

Kwako Baba Wangui,

Tuko salama, Wangui ameota jino la pili. Tangu nyumba ianguke, mama yako amekuwa akisema maji yakiingia tena kwa hema atamchukua mtoto. Mwanzo nililisimamisha pale bondeni, yakaingia, akanicheka: "Wagaki, unafuga samaki?" Nikalianika, nikalihamisha juu, nikachimba mtaro kulizunguka, kamba nikazifunga kwa magunia ya mawe.

Jana ilinyesha mchana kutwa. Mama yako akaja na leso ya kumbeba Wangui. Akapapasa godoro. Kavu. Akapapasa tena. Kisha akavua viatu.

"Kwangu kumevuja. Sogea, leo nalala hapa."

Fanya kazi yako bila wasiwasi, mpenzi. Mtoto yuko na mimi.

Ni mimi wako,
Wagaki