Tunda Moja la Kahawa, Punje Mbili

Mpendwa Ma Kemilembe, naomba msaada wako maana usingizi umenikimbia na kazini siku hizi naonja kahawa kama naonja maji. Mimi ni mwonjaji katika chama chetu cha wakulima hapa Kamachumu, kazi yangu ni kufyonza kahawa kwa kijiko, kutema na kusema gunia lipi liuzwe peke yake kwa wanunuzi wanaotafuta kahawa bora, maana hata robusta yetu, iliyozoea kudharauliwa na kuchanganywa na za wengine, imeanza kuulizwa kwa jina. Msimu uliopita nilipangiwa vikombe visivyo na majina, nikafika kwenye kimoja nikasimama, nikasema hii ni ya kwetu, naijua, ina utamu wa ndizi iliyokaushwa juani, wenzangu wakacheka wakasema kwenu hamjaleta bado, hiyo ni ya Ta Rweikiza wa ng'ambo ya bonde. Nikataka kujua mzee huyo anaifanyaje, nikaenda mpaka shambani kwake, na aliyenitembeza kwenye migomba na mibuni ni mwanawe Mutashobya, basi nikarudi tena na tena, kahawa ikawa kisingizio, kwa kifupi tumependana na posa inakuja baada ya mavuno.

Nilipomtajia mama jina la baba yake Mutashobya, aliacha kumenya ndizi.

"Hao hawawezi kuleta posa hapa," akasema. "Huyo ni kaka yako."

Nilidhani marehemu baba alikuwa na mambo yake huko, kumbe la, mama akaeleza kwamba baba na Ta Rweikiza walichanjiana udugu ujanani, wakapasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akapaka punje moja damu yake na kummezesha mwenzake, kisha Ta Rweikiza akampa baba miche ambayo ndiyo mibuni yetu yote ya nyuma ya nyumba. Hapo ulimi wangu nikauelewa, lakini moyo sijui niuweke wapi. Mutashobya anafanya utani, ananiambia, "Sasa dada, hiyo punje si ilishatoka zamani?" Padri anasema ni mambo ya kizamani, shangazi anasema tukioana watoto hawatakaa, mama amenikataza nisithubutu kumgusia Ta Rweikiza kwa kuwa ni aibu. Je, punje ya kahawa inaweza kutufanya ndugu kweli?

Mwonjaji, Kamachumu

MA KEMILEMBE ANAJIBU:

Pole, binti yangu, na hongera kwa ulimi huo. Sasa nikugombeze kidogo. Umemuuliza padri, umemuuliza shangazi, umeniuliza mimi nisiyekujua hata sura. Waliomeza punje zile walikuwa wawili, mmoja bado anaota jua ng'ambo ya bonde, na huyo ndiye hujamuuliza. Kazini ungekubali kuambiwa ladha ya kahawa na mtu ambaye hajaionja?

Damu zenu ni tofauti, na shangazi asikutishe na habari za watoto. Lakini usilidharau jambo hili kama padri. Baba yako aliahidi kwa mwili wake, na ukipita juu ya ahadi hiyo kimyakimya, mama yako atatetemeka kila mjukuu akipata homa. Mimi ningekuwa yeye ningetetemeka pia.

Mutashobya apunguze utani, aende kwanza kwa baba yake amweleze, kwa sababu ni kazi yake. Kisha wewe nenda mchana kweupe, pamoja na mama. Mama akigoma, chukua baba yako mdogo. Mzee akitoa kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni, pokea kwa mikono miwili, ila wewe na huyo kijana msigawane tunda, tusije tukaanza upya. Muulize waliahidiana nini hasa, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Akisema hapana, itakuuma, na utaiheshimu. Ila mimi nimezaliwa na mtu aliyekula kiapo hicho, na baba alikuwa akituambia kwamba neno kuu la kiapo lilikuwa kutonyimana: mwenzako akija na njaa, akija amefukuzwa, akija na shida yoyote, humrudishi mikono mitupu. Kwa hiyo kabla mzee hajafungua kinywa, mwambie wewe ni mtoto wa mwenzake, na umekuja kuomba.