Mkuki wa Tata Gazetini

Hamugembe, Bukoba
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepiga magoti huku niliko, ingawa hunioni. Wewe na baba, Tata wetu, mmeamkaje? Kile kikohozi chake kimepungua? Mimi mwili ni mzima, ila tangu Ijumaa nina jambo. Dada Koleta, wewe unayemsomea Mama, funga mlango kwanza, kisha soma polepole na usiruke palipo pabaya kama ulivyozoea.

Mama, nimefanya kosa, na kosa lenyewe limemwangukia Tata.

Siku ya Pasaka uliniuliza kwa nini naandika mashairi badala ya kutafuta mchumba. Nilicheka tu. Jibu ni kwamba nawakumbuka mno. Asubuhi nikienda ghala la kahawa ninakofanya ukarani, natembea nikihesabu mizani kwa vidole, nane huku na nane huku, na maneno yanayokuja ni ya kwenu: wewe ukiimba huku unapalilia, Tata akimgombeza mbuzi. Nikiyaandika ni kama nimefika nyumbani kidogo.

Ndivyo lilivyokuja shairi lile. Unakumbuka harusi ya kaka Novati, Tata aliposhika mkuki akajigamba mbele ya wageni kabla ya kuonja rubisi, pombe yetu ya ndizi? Alisema yeye hahami kibanja chake cha migomba kwenda kijiji kipya cha barabarani serikali inakotuhamishia, maana baba zake wamelala mgombani. Watu walishangilia, hata mwenyekiti wa kijiji alipiga makofi. Kwetu mwanamume akijigamba na mkuki wake hashikwi kwa maneno yake. Mimi nikayageuza kuwa Kiswahili:

Siondoki mgombani, walipolala wazazi,
Mkuki nimesimika, mwenye nguvu aung'oe.

Katika ubeti wa mwisho nikaweka jina langu na kwetu Kishanda, kama watunzi wote wafanyavyo. Gazeti likalichapa. Nilifurahi mpaka nikamsomea mama mwenye nyumba wangu, Ma Yustina, mara tatu. Sikujua kwamba maneno ya rubisini yakiingia gazetini yanakuwa ushahidi.

Ijumaa niliitwa ofisini kwa bwana mmoja anayeshughulikia kuhamishia watu vijiji vipya. Gazeti lilikuwa mezani, amepiga mstari mwekundu chini ya neno mkuki.

"Ndugu mshairi, mzee huyu ni nani?"

Nikasema, "Ni wa kubuni tu, ndugu."

"Wa kubuni? Hana nyumba Kishanda?"

"Hana."

Akalikunja gazeti. "Vema. Kama ulimbuni wewe, mhamishe wewe. Ijumaa ijayo uniletee shairi jingine, mzee huyo huyo amehama kwa hiari na anafurahi. La sivyo tutakwenda Kishanda kumtafuta wenyewe, na hatutakwenda na kalamu."

Padri alipokuwa akisoma habari za Petro kumkana Yesu nilikuwa namwona mwoga kweli. Sasa mimi nimemkana baba yangu, wala sikungoja jogoo awike. Naona aibu, lakini hofu imezidi aibu. Kila gari likipita njia ya Muleba, ya kuja huko kwetu, nahisi linawafuata nyinyi.

Shairi nimeliandika. Linaanza, "Nimehama kwa furaha, barabarani nakaa." Mizani imetimia, vina vimekaa, na sijapata kuandika kitu kinachonichukiza kama hicho. Nimeficha karatasi chini ya godoro wala sijaipeleka. Tata hajapata kusema uongo hata kwa mtoza kodi. Siwezi kumsemesha uongo mbele ya nchi nzima bila idhini yake.

Kwa hiyo, Mama, mchagulie saa nzuri, akiwa ameshiba, umuulize: anakubali nimhamishe kwenye karatasi, ili yeye abaki mgombani? Mwambie mkuki ni wake, mimi niliuazima tu bila kubisha hodi.

Barua hii inaletwa na Ma Yustina mwenyewe. Anakuja Jumatano kumwona bintiye hapo Muleba, atapita kwenu, na atarudi Alhamisi. Tata akikubali, ampe buni za kutafuna zilizofungwa kwenye jani la mgomba, kama anavyowapa wageni aliowapokea kwa moyo mmoja. Asiandike neno. Maandishi yametutosha.

Nisalimieni Bibi, na mumwambie dawa ya macho nitaileta. Msalimieni kaka Novati na mkewe. Mtoto wao nasikia ameota meno. Jirani yetu Ta Leonidasi msalimieni pia, ila habari hii asiijue, maana kinywa chake hakina komeo.

Buni zikifika, nitapeleka shairi la uongo na kunyamaza. Zisipofika nitajua Tata amekataa, na Ijumaa nitaingia ofisini mikono mitupu, niseme kwamba mzee yule ana nyumba Kishanda, na kwamba mimi ni mwanawe.

Mniombee.

Mwanao mwoga,
Deusdediti