Donge Nyuma ya Kopo la Sukari

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paka amezaa ndani ya kabati lako. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa nakosa la kusema, unanijua.

Jumapili tulitengeneza nyota za sikukuu. Tulikanda unga laini wa mahindi na gundi nyeupe, mama akinicheka: "Kanda, mwanangu, huo si mtoto wa kubembelezwa!" Kila mtu alibonyeza dole gumba nyuma ya nyota yake, kama siku zote, tukaziacha mezani zikauke.

Nilipoanza kukata yako, baba akasema, "Hapa tuko watatu."

"Haya, mzee," mama akajibu, akaendelea kufuta meza. Tangu ukatae kazi ya karakana ya baba ukaondoka, hutajwi hapa.

Donge la nyota yako sikulitupa. Nililifunga kwenye mfuko wa nailoni lisipate hewa, nikalificha nyuma ya kopo la sukari. Kila asubuhi naligusa kwa kijiti kuona kama bado laini. Sikutaka kuacha alama ya kidole changu.

Leo nimekuta limebonyezwa. Ni alama ya dole pana, lenye lile kovu la msumeno. Mfuko umefungwa upya, safari hii kwa kamba ya karakana, mafundo mawili.

Nimeketi na baba mezani. Tumekunywa chai.

Donge bado laini, kaka. Njoo kabla halijakauka.

Mdogo wako,
Kimya