Pete Iliyokwama Puani kwa Mjomba

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada kabla sijapasuka kwa kicheko au kwa kilio, maana sijui kipi kitatangulia. Kazi yangu ni kubuni kopo la gesi linalojaza mfuko wa hewa kwenye usukani wa gari, ule unaofumuka ajali ikitokea, na shida yake yote ni kiasi, gesi ikitoka kwa pupa mfuko unamzaba mtu kofi, ikichelewa uso umeshafika kwenye usukani. Sasa kuna kaka anayetukunjia mifuko hiyo, mpole, ana vidole vya kukunja kitambaa mpaka unatamani uwe shuka, nampenda hata chai natia chumvi bila kujua, na juzi tulipojaribu kopo langu jipya mbele ya bosi, kumbe ameficha pete ya uchumba kwenye mikunjo, eti mfuko ukifumuka niikute inameremeta juu yake, mshauri, pete ilitoboa mfuko ikakwama kwenye pua ya Mjomba, lile sanamu tunalolikalisha kitini badala ya mtu, na kaka akapiga goti moshini akasema, "Naomba nikuoe," na mimi nikamfokea, "Nani kakwambia uweke chuma kwenye mfuko wangu?" Bosi akacheka, kaka wa watu akaondoka kichwa chini, pete akaiacha palepale puani. Sasa ameomba kuhamia idara ya viti, Jumatatu anaenda, na kila nikimwona nacheka, naye anadhani namcheka. Nifanyeje?

Mama Gesi

Mama Gesi, marahaba. Nimecheka mpaka mume wangu kaja kuuliza kuna nini. Haya, nimemaliza, sasa kaa nikuseme.

Mwenzio amekosa. Mkunja mifuko anajua kitu kigumu mle ndani ni risasi, na pale kitini angekuwa mtu tungekuwa tunazungumza mengine. Kwa kumfokea huna deni. Lakini umemjibu ya mfuko tu, ya ndoa umeyaacha hewani. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila mwanamume aliyefokewa mbele ya bosi hata kikohozi hakisikii.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba gesi ikichelewa, uso umeshafika kwenye usukani. Dada, uso wa mwenzio uko njiani. Kesho asubuhi mfuate pale anapokunjia, cheka ukitaka, lakini "ndiyo" itangulie. Kisha mpe koleo, aitoe pete puani kwa Mjomba kwa mkono wake, aipanguse, akuvishe.

Na ukiingia chumba cha majaribio, uivue.